Penye Wengi na Penye Wazee: Historia ya Mazungumzo katika Kamenge

Wahenga wametuachia methali mbili ambazo aghalabu tunazifundisha katika siku mbalimbali, na kwa sababu hiyo wanafunzi wetu hawazioni zikigombana. Ya kwanza ni "Penye wengi pana mengi." Ya pili ni "Penye wazee haliharibiki neno." Ya kwanza yatuambia kwamba watu wakikusanyika tu, mengi yatazuka, mema na maovu, bila ya mtu kuyaita. Ya pili yatuambia kwamba wingi peke yake hautoshi. Pasipo mtu wa kulilinda neno, neno huharibika.

Ugomvi wa methali hizi mbili ndio asili ya makala haya. Je, watu waliokutana kwa hiari yao ili wazungumze wanahitaji utaratibu rasmi na mtu wa kuusimamia, au mazungumzo yaweza kujiendesha yenyewe kama maji yanavyojitafutia njia? Wataalamu wa elimu ya watu wazima na wasuluhishi wa migogoro wamebishana sana juu ya jambo hili. Sisi tutalitazama kwa njia ya historia, na hasa historia ya mtaa mmoja, yaani Kamenge, ulioko kaskazini ya mji wa Bujumbura. Nimeuchagua mtaa huo kwa kuwa huko swali hili halikuwa la vitabuni. Kuna miaka ambayo kukaa pamoja na kuzungumza, au kutokukaa, kulikuwa jambo la kufa na kupona.

Neno baraza na safari yake

Hatuna budi kuanza na neno lenyewe. Baraza, katika miji ya pwani kama Unguja, Mombasa na Lamu, ni kikalio cha mawe kilichojengwa kando ya mlango wa nyumba, ambapo mwenye nyumba huketi na jirani na mpita njia. Hapo huzungumzwa bei ya samaki, safari, ndoa, dini na siasa. Hapana mwenyekiti, hapana katibu, wala hapana orodha ya mambo ya kujadiliwa.

Lakini neno hilo likapanda cheo. Wakati wa ukoloni watu waliitwa kwenye baraza la liwali au la chifu, na huko mmoja alinena na wengi wakasikiliza. Nchini Kenya mkutano wa chifu uliendelea kuitwa baraza hata baada ya uhuru. Tanzania nayo ina Baraza la Mawaziri, na tangu mwaka 1967 ina Baraza la Kiswahili la Taifa. Upande wetu wa magharibi, katika nchi zilizotawaliwa na Wabelgiji, neno hilo limeingia hata katika Kifaransa cha wenyeji kwa sura ya "barza", nalo lina maana ya ukumbi wa mbele wa nyumba. Hivyo neno moja limebeba mambo mawili yaliyo kinyume: mahali ambapo kila mtu husema bila ruhusa, na chombo ambacho mtu hasemi mpaka apewe ruhusa.

Mtu asiyejua desturi akipita mbele ya baraza la mtaani atadhani kwamba hapo hapana sheria yo yote. Amekosea. Anayefika hutoa salamu kwanza, na anayeketi humwitikia. Mdogo humpisha mkubwa. Mzee hakatizwi katikati ya kauli. Aibu ya nyumba ya mtu haitajwi mbele ya mwenyewe. Mwenye kusema sana hutaniwa mpaka anyamaze, na utani huo hufanya kazi ambayo kengele ya mwenyekiti hufanya mkutanoni. Utaratibu upo basi, ila umehifadhiwa katika malezi na haukuandikwa katika kitabu. Na kwa kuwa haukuandikwa, ni vigumu kuuhoji. Kwa kawaida wanawake hawakuketi katika baraza la wanaume, wala mgeni asiyejua lugha hakupata nafasi. Hakuna aliyewafukuza, desturi ilikwisha kuwafukuza kabla hawajafika.

Katika mitaa ya Bujumbura vijana nao wana kikao chao, nacho hukiita ligala. Ni pembe ya njia, kivuli cha mti, au ukuta mbele ya duka, ambapo vijana wale wale hukutana siku kwa siku. Ligala haina msimamizi, lakini kila mmoja ajua nani huketi wapi na nani husikilizwa.

Fimbo ya intahe

Warundi walikuwa na kikao kingine, chenye adabu iliyoonekana kwa macho. Watu wazima waliokabidhiwa kusuluhisha ugomvi wa majirani waliitwa Bashingantahe. Jina hilo latokana na kitendo cha kusimika intahe, yaani fimbo ya haki. Mtu hakuwa Mushingantahe kwa kutaka tu. Alitazamwa kwanza na watu wa kilima chake kwa muda mrefu: je, husema kweli, huweza kunyamaza, hulinda siri, hugawanya kwa haki? Ndipo aliposimikwa hadharani na kula kiapo, na jirani ye yote aliweza kusema hapo kama alikuwa na neno dhidi yake.

Shauri lilipoletwa, wenye ugomvi walisema, mashahidi wakasema, na majirani waliokuwapo wakasikia yote. Fimbo ilipigwa chini ili watu watulie na neno lipate heshima yake. Kisha wazee walijitenga kando kushauriana, na waliporudi mmoja wao alitoa kauli kwa niaba ya wote. Lengo halikuwa kumpata mshindi. Lengo lilikuwa kwamba wale wawili, ambao kesho watapishana kwenye njia ya kisima, waweze tena kusalimiana.

Utaratibu huo ulikuwa rasmi kabisa, kwani ulikuwa na mahali, na zamu, na chombo, na watu waliopewa madaraka. Lakini haukuwa wa kigeni. Mtoto wa kilimani aliukuta tangu anazaliwa. Nguvu yake ilitokana na mambo mawili: kila mtu aliuelewa, na waliousimamia waliishi pamoja na matokeo ya kauli zao. Ulipoharibika, uliharibika hapo hapo. Utawala wa Wabelgiji uliwapunguzia Bashingantahe mamlaka, na baadaye, wakati wa chama kimoja, watu wengi wakapewa jina hilo kwa sababu ya cheo katika chama au serikali, bila kutazamwa na majirani. Fimbo ilibaki, lakini mkono ulioishika haukuwa tena mkono ambao watu waliuchagua. Hali kadhalika tusifiche kwamba hata katika siku zake njema kikao hicho kilikuwa cha wanaume, na Batwa hawakupata kiti ndani yake.

Redio na kitabu

Baraza na intahe ni mambo ya majirani wanaojuana. Je, ikitakiwa watu wa nchi nzima wazungumze jambo moja kwa wakati mmoja? Tanzania ilijaribu hilo, na jaribio lake ndilo kubwa kuliko yote katika historia ya lugha yetu.

Mwaka 1973 ilianzishwa kampeni iliyoitwa "Mtu ni Afya". Kwa muda wa wiki 12 vikundi vya wanavijiji vilikutana, vikasikiliza kipindi cha redio, vikasomewa sura ya kitabu kilichoandikwa kwa Kiswahili chepesi, kisha vikajadiliana na kuamua la kufanya: kuchimba vyoo, kuchemsha maji, kufyeka majani yanayofuga mbu. Watu wapatao milioni 2 walishiriki, na viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa kazi hiyo. Walifundishwa kwamba kiongozi si mwalimu. Akae katika duara kama wenzake, aulize badala ya kuhubiri, amvute aliye kimya na kumtuliza aliye msemaji.

Hapa msomaji aone jambo moja. Mkulima wa kijijini hakuhitaji kufundishwa kuzungumza. Alizungumza tangu zamani. Kwa nini basi viongozi wote hao? Kwa sababu watu waliokaa mbele ya kitabu na redio walidhani wako shuleni, na shuleni walizoea kunyamaza. Utaratibu ulihitajika ili kuondoa woga ambao utaratibu mwingine ulikuwa umeuleta. Vyoo vilichimbwa kwa wingi, na hilo ni jambo la kusifiwa. Lakini tukubali pia kwamba mada ilitoka Dar es Salaam. Kikundi kiliweza kuamua choo kichimbwe wapi; hakikuweza kuamua kwamba wiki hii kitazungumza jambo jingine linalokikera zaidi.

Mmarekani aliyejifunza kijijini

Zaidi ya miaka kumi baadaye wazo lililo kinyume lilizaliwa Marekani, na mizizi yake iko Afrika. Harrison Owen alikaa Liberia katika miaka ya 1960, na katika kijiji cha Balamah alishuhudia sherehe za jando zilizodumu siku nne. Alistaajabu kwamba mambo mengi kiasi kile yalikwenda vizuri ilhali yeye hakuona kamati yo yote ya maandalizi. Baadaye, huko kwao, alitumia mwaka mzima kutayarisha mkutano mkubwa, na ulipokwisha washiriki walimwambia kwamba sehemu bora ilikuwa vipindi vya kunywa kahawa. Mwaka 1985, katika mji wa Monterey, California, akafanya mkutano usiokuwa na orodha ya mada. Watu waliketi duara. Ye yote mwenye jambo moyoni alisimama, akaliandika kwenye karatasi, akalibandika ukutani akitaja saa na mahali. Kisha kila mtu akaenda apendako. Utaratibu huo aliupa jina lenye maana ya uwanja ulio wazi, nao umeenea duniani.

Kanuni zake ni chache. Waliokuja ndio waliotakiwa. Mambo huanza wakati wake, na yakiisha yameisha. Na mtu akiona hapati wala hatoi faida hapo alipo, atumie miguu yake aende penginepo.

Twaweza kutabasamu kidogo. Jambo ambalo kijiji cha Afrika hulifanya bila ya kulipa jina limeandikiwa kitabu cha maelekezo na kupewa wasimamizi wake. Hata hivyo wazo lenyewe si la kudharauliwa, kwa maana lamwamini mtu wa kawaida. Lakini kanuni ya kwanza, ile isemayo kwamba waliokuja ndio waliotakiwa, yahitaji kupimwa. Twende nayo Kamenge.

Mtaa uliofungiwa njia

Mji wa Bujumbura ulianza kama kituo cha kijeshi cha Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, ukaitwa Usumbura mpaka uhuru ulipopatikana tarehe 1 Julai 1962. Waswahili na wafanyabiashara Waislamu walikaa Buyenzi, na huko Kiswahili kimekuwa lugha ya nyumbani kwa vizazi kadhaa. Upande wa kaskazini ikakua mitaa ya watu wa kazi waliotoka vilimani na nchi za jirani: Kamenge, Kinama, Cibitoke, Ngagara. Kirundi ndicho lugha yao ya mama, lakini Kiswahili kimekuwa lugha ya soko, ya gereji na ya uwanja wa mpira.

Kamenge ilionja mapema uchungu wa mazungumzo yaliyovunjika. Louis Rwagasore, mwana wa mfalme aliyekiongoza chama cha UPRONA kushinda uchaguzi wa Septemba 1961, aliuawa tarehe 13 Oktoba mwaka huo. Miezi mitatu baadaye, Januari 1962, vijana wa chama waliojiita kwa jina lake waliwashambulia viongozi wa Kihutu wa vyama vya wafanyakazi katika Kamenge, na baadhi yao wakauawa. Mwaka 1972 yakaja mauaji makubwa yaliyoikumba nchi nzima, na baada yake ukimya wa miaka mingi. Watu waliendelea kuketi pamoja, kunywa pamoja na kucheka pamoja, lakini jambo lililowaumiza kuliko yote halikutajwa. Huo nao ni ushahidi juu ya mazungumzo yanayojiendesha yenyewe: hujua vizuri sana kupita kando ya kidonda.

Tarehe 1 Juni 1993 Melchior Ndadaye alichaguliwa kuwa Rais. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo huo akauawa, na vita vikaanza. Katika miaka ya 1994 na 1995 mitaa ya mji iligawanyika kwa ukabila. Kamenge na Kinama zikawa mitaa ya Wahutu. Ngagara na Cibitoke zikawa mitaa ya Watutsi. Vijana waliokuwa wakicheza timu moja wakawa hawawezi kuvuka barabara moja. Katikati ya mwaka 1995 jeshi liliingia Kamenge, na wakazi wake wakakimbia, wakaacha nyumba zikibomolewa.

Sasa tuirudie ile kanuni. Mwaka 1994, kikao kingalifanywa Kamenge, na kijana wa Ngagara asitokee, je, tungesema kwamba waliokuja ndio waliotakiwa? Kijana yule hakukosa nia. Alikosa njia. Na aliyekuwapo kikaoni, akichoka na maneno, angeambiwa atumie miguu yake aende penginepo. Lakini penginepo palikuwa pamefungwa. Uhuru wa kuja na uhuru wa kuondoka ndio nguzo mbili za mazungumzo yanayojiendesha, na katika mtaa huo nguzo zote mbili zilikuwa zimekatwa. Ligala hazikufa wakati huo. Ziliendelea kujiendesha zenyewe vizuri kabisa, kila moja upande wake, na vijana wa upande mmoja wakawa wanaelewana zaidi na zaidi juu ya ubaya wa vijana wa upande wa pili. Mazungumzo hayakupungua; aliyepungua ni mtu wa kuyapinga.

Meza ya Arusha

Viongozi wa nchi nao walizungumza, na walizungumza kwa utaratibu rasmi kupita wote. Mazungumzo ya Arusha yalianza Juni 1998 chini ya Mwalimu Julius Nyerere, na alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999 kazi yake ikashikwa na Nelson Mandela. Kulikuwa na kamati tano, zikiwamo ya kuchunguza asili ya mgogoro, ya demokrasia na utawala bora, na ya amani na usalama. Pande 19 ziliketi, na mkataba ukatiwa sahihi tarehe 28 Agosti 2000. Kazi hiyo si ndogo. Mambo ambayo hayakutajika tangu 1972 yaliandikwa kwenye karatasi, na wapinzani waliyasoma pamoja neno kwa neno. Baraza la mtaani lisingaliweza hivyo.

Lakini vikundi vikubwa vilivyokuwa vikipigana msituni havikuwa mezani wakati wa kutia sahihi. Kwa hiyo vita viliendelea. Kundi kubwa kuliko yote, CNDD-FDD, liliingia katika makubaliano kamili ya kusimamisha vita mwaka 2003 tu, na FNL likachelewa zaidi. Utaratibu mzuri kuliko wote hauwezi kumsemea asiyekuwapo. Hapo ndipo Arusha na ligala, ambazo zaonekana kuwa mbali kama mbingu na ardhi, zakutana katika upungufu mmoja: zote mbili ziliweza kuwaelewanisha waliokuwapo, na zote mbili zilishindwa na mlango.

Uwanja wa Kamenge

Kulikuwa na mahali pengine palipofikiriwa mlango kabla ya maneno. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wamisionari wa shirika la Waksaveri walianzisha katika Kamenge kituo cha vijana kwa ajili ya mitaa ya kaskazini: Kamenge, Kinama, Cibitoke, Ngagara, Buterere na Gihosha. Kilikuwa cha vijana wa umri wa miaka 16 hadi 30, wa dini zote na wa makabila yote. Vita vilipoanza, kituo kilijikuta katikati ya mitaa iliyokuwa ikiuana, nacho kiliendelea kuwapo. Mwaka 2002 kilipewa Tuzo ya Right Livelihood, ambayo hutolewa huko Uswidi.

Kwa mwalimu wa lugha, jambo la kujifunza ni mpango wa mambo yake. Kijana hakuitwa kwanza kuja kuzungumza juu ya amani. Aliitwa kucheza mpira, kusoma vitabu maktabani, kujifunza lugha, muziki au ufundi. Timu zilichanganywa, kiti cha maktaba hakikuuliza mtu atoka mtaa gani. Mazungumzo juu ya mambo mazito yalikuja baadaye, kati ya watu ambao walikwisha kupigiana pasi na kuazimana kalamu. Msimamizi alikuwapo, na sheria zilikuwapo, lakini kazi yake kubwa haikuwa kugawanya zamu za kusema. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba njia yapitika, kwamba uwanja si mali ya upande mmoja, na kwamba aliyeingia atatoka salama. Yakisha kupatikana hayo, vijana walijua wenyewe jinsi ya kuzungumza.

Nadhani hapo ndipo lilipo jibu la swali letu. Hakuna mazungumzo yasiyo na utaratibu. Kuna yale ambayo utaratibu wake umo katika malezi, na yale ambayo utaratibu wake umeandikwa. Ule wa malezi watosha maadamu wote waliohusika wanaweza kufika, wanaijua desturi, na wanaweza kuondoka bila ya hofu. Moja ya hayo likikosekana, kusema "waacheni wazungumze wenyewe" ni kuwaachia walio na nguvu. Hapo utaratibu rasmi wahitajika, lakini mahali pake ni mlangoni kuliko ulimini. Usimamizi unaofungua njia kisha ukanyamaza ni bora kuliko usimamizi unaogawanya maneno kwa saa mkononi.

Faida kwa mwalimu

Wenzangu wataniuliza, yatuhusu nini sisi wa chaki na ubao? Yatuhusu sana. Tangu Burundi ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika ya Mashariki mwaka 2007, Kiswahili kimepewa nafasi kubwa zaidi katika shule zake, na mazungumzo ya vikundi ni sehemu ya kila somo la lugha. Mwalimu awagawapo wanafunzi katika vikundi na kusema "zungumzeni", hutokea jambo ambalo kila mmoja wetu amelishuhudia. Mtoto wa Buyenzi, aliyenyonya Kiswahili kwa mama yake, huwa ndiye mzungumzaji. Mtoto aliyetoka kilimani na Kirundi chake hutikisa kichwa. Kwa mbali kikundi chaonekana kimechangamka. Kwa karibu ni hotuba ya mtu mmoja. Mtoto yule wa kilimani ni sawa na kijana wa Ngagara: yuko nje ya mlango ijapokuwa mwili wake uko ndani.

Dawa yake si kumpa kila mwanafunzi dakika mbili kwa saa, kwani atazimaliza kwa kusema kwamba hana la kusema. Mwalimu atafute kwanza jambo ambalo mtoto yule analijua kuliko mwenzake: jinsi ndizi zinavyoivishwa, jinsi ngoma inavyowambwa, jinsi ng'ombe anavyotibiwa. Awape maneno yake mapema, wote wawili wayasikie. Kisha aliweke jambo hilo katikati ya kikundi na yeye mwenyewe arudi nyuma. Mtoto wa Buyenzi atalazimika kuuliza, na mtoto wa kilimani atalazimika kujibu. Hapo mwalimu amefungua mlango bila ya kumshika mtu ulimi.

Lugha yetu imekwisha kututangulia katika jambo hili. Siku hizi anayesimamia mazungumzo ya kikundi huitwa mwezeshaji. Tulichambue neno hilo pamoja na wanafunzi: kuweza, kuwezesha, mwezeshaji. Si yeye anayeweza. Ni yeye anayesababisha wengine waweze. Atakayejipa jina hilo kisha akasema peke yake kwa saa nzima amevunja sarufi kabla ya kuvunja mkutano.

Nawaomba walimu wenzangu jambo moja. Sheria za ligala na za baraza hazijaandikwa, na mitaa yetu yabadilika upesi. Wapeni wanafunzi kazi ya kuziandika: nani huketi wapi katika kikao cha mtaa wao, nani husalimu kwanza, mbishi hunyamazishwa kwa neno gani, na nani hapiti kabisa karibu na kikao hicho. Swali la mwisho ndilo gumu, nalo lisiachwe. Na siku watakapoleta majibu, waandikieni ubaoni zile methali mbili, moja chini ya nyingine, kwa siku moja.